Msitumwagie lami kwenye uwanja wa magari ya rimoti

Mtaani kwetu hapa Nakuru tumepewa ahadi ambayo nimeamua kuipinga hadharani. Uwanja wa udongo ambapo vijana wetu hushindana kwa magari ya rimoti, tumeambiwa, utaboreshwa. Nilimuuliza afisa aliyekuja kupima utaboreshwa vipi, naye akanijibu kwa upole kwamba vilima vitasawazishwa, lami itamwagwa, na pembeni patapangwa kabro. Alikuwa na nia njema kabisa. Vijana kadhaa walipiga makofi, na siwalaumu. Hapa kwetu tumekua tukiamini kwamba barabara ya udongo ni ya watu waliosahauliwa, na lami ni ya watu waliokumbukwa na serikali.

Kwa barabara ya kwenda sokoni, imani hiyo ina haki yake. Kwa uwanja wetu, lami itaua mchezo wenyewe. Ikiwa fedha hizo zipo kweli, zinunue maji, udongo mzuri na siku za kazi za mtu mmoja wa kuutunza uwanja.

Nasema hivi nikiwa mtu wa barabara. Miaka yangu yote ya kazi nilikuwa fundi wa maabara ya udongo kwa wakandarasi mbalimbali, nikichota sampuli kwenye machimbo, nikizikausha, nikizipima, nikimwambia msimamizi kama tabaka limeshindiliwa vya kutosha au lirudiwe. Wanaume wengi hawakupenda kuambiwa na mwanamke kwamba tabaka lirudiwe. Lilirudiwa. Sasa nimestaafu, na jioni utanikuta uwanjani nikiwa na mpira wa maji mkononi, kwa sababu mwanangu wa mwisho alianza kuendesha magari haya na nilipoenda kumtazama niliona udongo ukiteswa na watu wasioujua.

Kwa asiyeujua mchezo huu, nieleze kidogo. Sisemi habari za vigari vya plastiki vinavyouzwa wakati wa Krismasi na kufa kabla ya Mwaka Mpya. Gari la mashindano la kipimo cha moja kwa nane lina urefu wa karibu nusu mita na uzito wa kilo tatu na nusu hivi. Magurudumu yote manne huvuta. Lina difrensho tatu na shokabzoba nne zenye mafuta ya silikoni, ambayo dereva huyabadilisha yawe mazito au mepesi kulingana na hali ya uwanja, na kwenye sehemu iliyonyooka linapita kilomita 60 kwa saa. Mengine huenda kwa betri, mengine kwa injini ndogo inayotumia mchanganyiko wa methanoli, naitromethani na mafuta. Kila kipande hufunguliwa kwa skrubu na kutengenezwa upya. Dereva husimama juu ya jukwaa, rimoti mkononi, na gari lake liko chini huko, mbali naye, likipigania kona na magari mengine tisa au kumi.

Sasa njoo ulitazame likiwa hewani. Limeruka kilima, hakuna gurudumu linalogusa kitu. Dereva akiona pua inainama, anaongeza moto. Magurudumu yanazunguka kwa kasi zaidi, na nguvu ile ile inayoyasukuma mbele inasukuma bodi upande wa pili, pua inainuka. Akiona pua imepanda mno, anagusa breki, magurudumu yanasita, pua inashuka. Haya yote hutokea kwa muda mfupi kuliko wa kupiga chafya. Gari likitua magurudumu yote manne pamoja, huwezi kusikia kishindo, linaendelea tu. Likitua kwa pua, linabingirika na mtu anakwenda kuliinua. Msichana mmoja wa kidato cha pili, ambaye kwa maoni yangu ndiye dereva bora tuliye naye, alinieleza hili kwa kuzungusha gurudumu la baiskeli mikononi mwake mpaka nikalielewa. Walimu wake wa fizikia wangefurahi kumsikia.

Ukisawazisha vilima na kumwaga lami, umeliondolea gari hilo kazi yake yote. Shokabzoba hazina cha kufanya. Tairi zenye meno ya mpira, zilizotengenezwa kuuma udongo, zitaisha kwa Jumamosi moja. Ni kweli upo mchezo wa magari ya rimoti ya lami, na ni mchezo mzuri. Una magari yake, ya chini chini, yenye tairi za sponji au mpira laini. Atakayetaka kuuanzisha Nakuru ajengewe uwanja wake. Lakini asije akajenga juu ya uwanja wa wenzake.

Udongo umeubeba mchezo huu tangu mwanzo. Tamiya ya Japani ilipotoa magari yake ya kwanza ya kwenda nje ya lami mwaka 1979, watu walianza kuyaendesha ufukweni na kwenye viwanja vitupu, kisha wakaanza kujenga njia zenye kona na vilima. California ndiko hasa uwanja wa udongo ulikokomaa, na huko huko, Del Mar, ndiko yalikofanyika mashindano ya kwanza ya dunia ya magari ya umeme ya moja kwa kumi ya nje ya lami, mwaka 1985. Waingereza na nchi nyingi za Ulaya baadaye wamehamia nyasi bandia na zulia, kwa sababu kwao mvua haina msimu na klabu inaweza kupoteza nusu ya mbio za mwaka kwa tope. Ninaielewa sababu yao. Lakini angalieni: hata wao, walipouacha udongo, hawakuvisawazisha vilima vyao wakaweka lami. Sisi tuna jua karibu mwaka mzima, tuna udongo wa kila aina umbali wa saa moja kwa lori, na tuna vijana wenye mikono. Hatuna sababu ya kuukimbia.

Udongo wenyewe unataka kujulikana. Hapa bondeni tunakanyaga jivu la volkano. Ukiwa mkavu ni mwepesi, unapeperuka ukiukanyaga, na ukipitiwa na tairi mara nyingi unageuka unga. Mashabiki wa Safari Rally wanaujua vizuri. Ndilo lile vumbi la Naivasha ambalo madereva wa kigeni huliita fesh-fesh, lililowaziba macho na kuzisumbua injini zao tangu mashindano hayo yaliporudi kwenye ratiba ya ubingwa wa dunia mwaka 2021. Gari halisi lenye uzito wa zaidi ya tani moja linazama humo. Gari la kilo tatu na nusu linatoweka kabisa.

Kwa hiyo jivu pekee halifai, lazima lichanganywe na kitu kinachoshika. Tulijaribu udongo wa aina mbili. Mmoja ni mwekundu wa mfinyanzi, unaoletwa na lori kutoka miinuko ya upande wa Subukia. Wa pili ni udongo wa vichuguu vilivyohamwa, na huo ndio ninaoupenda zaidi. Mchwa wamekwisha kuifanya kazi ya kiwanda: wamechagua chembe ndogo ndogo, wakazileta juu moja moja, wakazigandisha kwa mate. Bibi zetu waliutandaza sakafuni na kuufagia miaka na miaka. Australia walijengea viwanja vya tenisi. Ukiusaga, ukauchekecha kwenye wavu wa kuondoa kokoto, ukauchanganya na mchanga kidogo na lile jivu letu, unapata uso ambao tairi zikiupita kwa muda unaanza kung'aa na kuwa mweusi kwenye njia ya magari. Mpira unajipaka pale. Dereva akiiona njia hiyo nyeusi anajua gari litashika.

Mfinyanzi mweusi, ule unaopasuka kiangazi mpaka mguu wa mbuzi unaingia, usiulete kabisa. Ukinyonya maji unavimba, ukikauka unasinyaa, na kilima ulichokijenga Aprili hutakitambua Septemba.

Huhitaji maabara kuujua udongo ulio nao. Chukua chupa ya kioo, itie udongo mpaka katikati, jaza maji, tikisa kwa nguvu, weka chini. Mchanga unatua karibu papo hapo. Tope jepesi linachukua saa kadhaa. Mfinyanzi wenyewe unaelea na kuyachafua maji mpaka kesho yake, wakati mwingine zaidi. Baada ya hapo matabaka yako mbele ya macho yako, unayapima kwa rula. Kwa uwanja wetu nataka mfinyanzi uwe karibu robo. Ukizidi sana, uso unateleza ukiwa na maji na kupasuka ukikauka. Ukipungua, vumbi.

Halafu maji, na hapa ndipo watu wengi wanapokosana na udongo. Mwaka 1933 mhandisi mmoja wa Los Angeles, Ralph Proctor, aliyekuwa akishughulika na mabwawa, alieleza jambo ambalo kila mjenzi wa barabara duniani analitumia mpaka leo: kila udongo una kiasi chake cha maji ambacho ukishindiliwa nacho unakuwa mzito kuliko kwa kiasi kingine chochote. Ukiwa mkavu zaidi ya hapo, chembe zinakataa kusogeleana. Ukiwa na maji kupita hapo, maji yenyewe yanachukua nafasi ya udongo, na unachoshindilia ni uji. Jaribio la Proctor ndilo lililokuwa mkate wangu wa kila siku. Uwanjani nalifanya kwa kiganja. Nauchota udongo, naufumbata, nafungua mkono. Ukibaki donge, na donge hilo likianguka kutoka usawa wa kiuno likavunjika vipande vichache, uko tayari. Ukimwagika kati ya vidole, ongeza maji. Ukiacha unyevu kiganjani, subiri jua. Watoto wa darasa la sita wanalijua jaribio hili sasa, na wanabishana juu yake kwa ukali wa mahakimu.

Kilima hujengwa kwa matabaka. Unamwaga udongo wa sentimita kumi hadi kumi na tano, unaushindilia, unakwaruza juu kwa reki ili tabaka linalofuata lishikamane, unamwaga tena. Anayerundika mita nzima kwa siku moja na kuipigapiga juu kwa koleo amejenga ganda lenye utupu ndani, nalo litabomoka mvua ya kwanza. Hatuna mashine ya kushindilia. Tunayo makopo ya rangi yaliyojazwa zege na kuchomekwa bomba la chuma katikati, na vijana wanaoyapandisha na kuyashusha kwa zamu huku wakiimba. Upande wa kurukia unaweza kuwa mfupi. Upande wa kutua ndio unaotaka urefu na mteremko wa taratibu, kwa sababu hapo ndipo magari huvunjika mikono yake.

Pembeni mwa njia hatuweki matofali wala mawe, kwa sababu gari likigonga jiwe kwa kasi ile, kijana amepoteza akiba ya mwezi. Tumetumia mabomba ya plastiki ya umwagiliaji yaliyochakaa, yamefukiwa nusu na kupigiliwa kwa vyuma vilivyokunjwa vichwa. Jukwaa la madereva tumeliweka upande wa kusini. Hapa tuko karibu mno na ikweta, jua la asubuhi na la jioni huja moja kwa moja kutoka mashariki na magharibi, na dereva anayelitazama usoni haoni gari lake.

Kujenga ndiyo sehemu rahisi. Mtu yeyote mwenye lori na vijana ishirini atajenga kwa majuma machache, atapiga picha, ataondoka. Matunzo ndiyo yanayoamua kama mwakani kuna uwanja au kuna shamba la mashimo.

Njia yetu ina urefu wa karibu mita 200 na upana wa mita tatu. Hizo ni mita 600 za mraba. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Ukitaka kuupa uwanja milimita mbili tu, kiasi cha kulainisha uso, unahitaji lita 1,200. Siku kavu za Januari na Februari, zenye upepo, jua la hapa linaweza kunyonya karibu milimita tano kwa siku kwenye uso wenye maji. Fanya hesabu mwenyewe uone maana ya mtu kusema "vijana wamwagilie tu kidogo". Mpira wa maji wa jirani hautoshi, na jirani naye anataka kufua.

Tunamwagilia jioni ya kuamkia mbio, taratibu, kwa kurudia rudia, ili maji yaingie chini badala ya kutiririka. Asubuhi udongo unakuwa umekunywa. Unapitiwa na reki nyepesi, unashindiliwa kwenye kona, unaachwa ukauke juu huku chini ukiwa na unyevu. Kati ya mbio moja na nyingine tunanyunyiza kidogo tu kama ukungu. Vumbi likifika usawa wa magoti, mbio zinasimama mpaka maji yapite. Sheria hiyo niliiweka mimi na sijamruhusu mtu yeyote kuijadili, kwa sababu jivu hili si salama kwenye mapafu ya mtoto.

Shimo nalo lina namna yake ya kuzibwa. Likianza kuchimbika kwenye kona, lisifukiwe kwa vumbi lililofagiwa pembeni, kwani litatoka kwa mizunguko mitatu. Unalikata kingo zake kwa jembe ziwe wima, unachimba mpaka ukute udongo mgumu, unalowesha, unajaza udongo wenye unyevu ule wa donge la kiganjani, unashindilia kwa matabaka, unamalizia kwa kuacha pajazwe kidogo kupita usawa, kwa sababu patashuka. Wakala wa barabara wakitaka kuja kuwatazama vijana wetu wakiziba shimo, wanakaribishwa.

Na mvua ikinyesha, uwanja unafungwa. Hili ndilo gumu kuliko yote kulieleza. Kijana ana betri zimejaa chaji, jua limetoka, uso unaonekana sawa. Lakini udongo ulioloa ukipitiwa na tairi, na zaidi ukikanyagwa na viatu au kwato za ng'ombe, alama hizo zinakauka zikiwa ngumu kama zilivyochorwa, na kuziondoa ni kazi ya siku nzima. Masika tunafunika vilima kwa turubai zilizokaziwa mawe, na tumezungusha ua wa miiba dhidi ya mbuzi na dhidi ya bodaboda wanaopenda njia ya mkato.

Marekani, viwanja vingine hutiwa chumvi ya kalisi ambayo huvuta unyevu kutoka hewani, na vingine vya ndani ya majengo hutiwa maji ya sukari ili udongo ushikamane na tairi. Nimeulizwa mara nyingi kwa nini nasi tusifanye hivyo. Chumvi hiyo inakula skrubu na beringi za magari, na ikioshwa na mvua inakwenda kwenye mboga za mama anayelima chini yetu. Sukari ni ya chai. Molasi ningekubali kuijaribu kwenye kona moja, ikipatikana kwa bei nafuu kutoka viwandani, maana barabara za vumbi zimewahi kutulizwa kwayo katika nchi zinazolima miwa. Lakini hakuna dawa inayochukua nafasi ya maji na mtu.

Nasisitiza mtu, na hapa Kenya hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Mwaka 1974 serikali ilianzisha mpango wa barabara za vijijini zilizojengwa kwa mikono, kwa jembe, sururu na mkokoteni badala ya matingatinga. Maelfu ya kilomita zilijengwa hivyo. Busara yake kubwa ilikuwa kwenye matunzo: mkazi wa karibu, mara nyingi mmoja wa wale walioijenga barabara, alipewa kipande cha kilomita moja na nusu au mbili hivi mbele ya nyumba yake, akalipwa kukitunza siku chache kwa juma. Alizibua mitaro, akaziba mashimo yakiwa madogo, akafyeka pembeni. Alikijua kipande chake, alijua maji hupita wapi usiku wa mvua. Nimefanya kazi kwenye barabara zilizokuwa na watu wa aina hiyo na kwenye barabara zilizowapoteza, na tofauti uliiona kwenye matabaka hata bila kupima. Baadaye, mwaka 1993, tukatunga sheria ya kutoza ushuru wa mafuta kwa ajili ya matengenezo ya barabara. Kwa hiyo nchi hii inajua, kwa sheria na kwa uzoefu, kwamba kilichojengwa lazima kilipiwe kutunzwa. Lakini likija suala la viwanja vya vijana, tunajua kuzindua tu.

Kuna hoja tatu ambazo nimezisikia dhidi yangu, na nazijibu kwa heshima.

Wa kwanza wanasema huu ni mchezo wa watoto wa matajiri. Gari jipya la mashindano pamoja na rimoti, betri na chaja laweza kupita shilingi laki moja, sikatai. Kwetu magari mengi ni ya vikundi. Watatu au wanne wanachanga, wananunua lililotumika, wanalifufua. Fundi wa simu anajua betri, mtoto wa fundi baiskeli anajua beringi. Wengi wa hawa walianza kwa magari ya waya na vifuniko vya chupa, na ukitazama usukani wa magari yale utaona walikwisha kuielewa kona. Na lami haitashusha bei ya gari hata senti moja.

Wa pili ni wazazi wenye watoto wa pumu, wanaosema lami itaondoa vumbi. Wana haki ya kuwa na hofu. Lakini vumbi huletwa na ukosefu wa maji, na tangi lingelituliza kwa gharama ndogo kuliko lami yenyewe. Isitoshe, lami ikimwagwa kwenye uwanja mmoja katikati ya mtaa wa jivu, upepo wa Februari utaifunika vumbi lile lile, na hapo hakuna atakayekuwa na mpira wa maji.

Wa tatu ni wale wasemao lami hudumu. Lami isiyotunzwa haidumu. Ikipasuka maji yanaingia chini, msingi unalainika, shimo linafunguka, na kuliziba kunataka kampuni, mashine na zabuni. Shimo la udongo linazibwa na msichana wa kidato cha pili kabla ya chakula cha jioni. Kuna jambo jingine pia: uwanja wa udongo hubadilishwa. Kila baada ya miezi kadhaa tunabomoa kona mbili tatu na kilima kimoja, tunachora upya, na madereva wote wanaanza kujifunza upya, mkubwa na mdogo. Huwezi kuifanyia lami hivyo.

Uwanja huu una sheria moja iliyoandikwa kwenye ubao mlangoni: asiyeshika reki hashiki rimoti. Na aliyemaliza mbio zake anasimama uwanjani wakati wa mbio zinazofuata, kuinua magari ya wenzake yaliyopinduka, awe ameshinda au ameshindwa. Nimeona kijana aliyekuwa na sifa mbaya mtaani akikimbia kuinua gari la mpinzani wake, akalipangusa kioo, akaliweka njiani likielekea upande sahihi. Sijui ni darasa gani lingemfundisha hilo kwa haraka zaidi.

Kwa hiyo naandika haya kwako, mheshimiwa mwakilishi wa wadi, na kwa ofisi yoyote itakayosaini karatasi za kuboresha uwanja wetu. Tupeni tangi la lita 10,000 na pampu ndogo. Tupeni malori ya udongo mwekundu. Tabaka la sentimita kumi na tano juu ya mita 600 za mraba ni mita 90 za ujazo baada ya kushindiliwa, basi leteni kama malori kumi na sita ya mita saba, tusipungukiwe. Wekeni kwenye bajeti ya kila mwaka ujira wa mtu mmoja kwa siku tatu za juma, achaguliwe miongoni mwa vijana wanaoujua uwanja, awe na kipande chake kama walivyokuwa na vyao wale wa zamani. Nitamfundisha mwenyewe bila malipo, kuanzia chupa ya kioo mpaka turubai. Na walimu wakuu wenye kona ya ardhi isiyolimika nyuma ya madarasa, njooni tuone udongo wenu. Kuhusu lami, iko barabara inayoishia kwenye zahanati yetu, ambayo kina mama wajawazito huipita juu ya bodaboda wakiwa wameshikilia matumbo yao. Imwageni huko.